Mguu Mmoja Ukivimba: Anachopaswa Kujua Kila Anayemuuguza Mgonjwa wa Saratani



Katika mikutano yetu tumekwisha kusema mengi juu ya saratani, ile ambayo wengi wetu tunaiita kanseri. Tumesema juu ya saratani ya mlango wa kizazi, juu ya kujipima matiti, juu ya kutokwa damu kwa mama ambaye siku zake zilikwisha kukoma. Lakini liko jambo moja linaloandamana na saratani ambalo halisemwi sana nyumbani, na hata hospitalini mara nyingine halipati nafasi kwa sababu kuna mengi mengine ya kusema. Jambo hilo ni damu kuganda ndani ya mishipa.

Mgonjwa anaweza kufanyiwa upasuaji vizuri, akapata dawa zake, akaanza kula tena, kisha siku moja mguu mmoja ukavimba. Watu wa nyumbani wakasema ni uchovu wa kitanda. Siku mbili tatu zikapita. Kisha ghafla akashikwa na kifua, pumzi ikakata, na watu wakabaki wakiulizana ni nani aliyemfanyia hivyo. Kwa watu wanaotibiwa saratani, damu kuganda ni mojawapo ya sababu kubwa za kifo, baada ya saratani yenyewe. Na mara nyingi ingeweza kuzuiwa au kutibiwa, kama mtu mmoja tu nyumbani angeujua ule mguu.

Ndiyo maana tunaandika leo. Wanaouguza ni sisi. Sisi ndio tunaomwogesha mgonjwa, tunaompaka mafuta, tunaomvalisha. Mtu wa kwanza kuona mguu umebadilika ni mama, binti, dada au mkwe, kabla ya daktari.

Damu inaganda namna gani?

Kuganda kwa damu ni jambo jema. Ukijikata na kisu wakati wa kutengeneza samaki, damu inatoka, kisha inashikana, inaziba kidonda. Bila hilo tungekufa kwa jeraha dogo. Ubaya unakuja damu inaposhikana mahali pasipo na jeraha la nje, ndani ya mshipa, na kufanya bonge.

Wenyeji wa Uvira hawahitaji kuelezwa sana maana ya njia ya maji kuzibika. Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe uliposhuka na mawe na matope, ukaacha njia yake na kuingia majumbani mwa watu. Mshipa wa damu uko vivyo hivyo. Bonge likiziba mshipa mkubwa wa mguu, damu inayopaswa kupanda kurudi moyoni inakosa njia. Inarundikana chini, na mguu unavimba, unakuwa mzito, unauma.

Hatari kubwa zaidi inakuja kipande cha bonge hilo kikikatika. Kinasafiri na damu, kinapita moyoni, na kinakwenda kukwama katika mishipa ya mapafu. Kikiwa kidogo, mgonjwa anakohoa na kuchomwa kifuani. Kikiwa kikubwa, anaweza kufa katika dakika chache. Kwa hiyo ugonjwa wa mguu na ugonjwa wa mapafu ni ugonjwa mmoja, unaoanzia chini na kumalizikia juu.

Kwa nini saratani?

Madaktari wamelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1865 huko Paris, daktari Mfaransa aitwaye Armand Trousseau aliwafundisha wanafunzi wake kwamba mtu ambaye damu yake inaganda kwenye mishipa bila sababu ya wazi huenda ana saratani iliyojificha ndani. Muda si mrefu baadaye yeye mwenyewe aliona alama ileile katika mshipa wake, akatambua ugonjwa wake. Alikufa mwaka 1867 kwa saratani ya tumbo.

Katika miaka hiyohiyo, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alieleza mambo matatu yanayofanya damu igande: damu inayotembea polepole, mshipa ulioumizwa, na damu yenyewe iliyobadilika. Mgonjwa wa saratani anaweza kuwa na yote matatu kwa wakati mmoja.

Damu yake inatembea polepole kwa sababu analala sana, na kwa sababu uvimbe unaweza kuubana mshipa. Saratani ya mlango wa kizazi ikikua inabana mishipa ya nyonga, ndiyo maana wagonjwa wengi wa ugonjwa huo huvimba mguu. Mishipa yake inaumizwa na upasuaji, na dawa kali, na mpira wa kupitishia dawa unaoachwa ndani ya mshipa kwa muda mrefu. Na damu yenyewe imebadilika, kwa sababu chembe za saratani hutoa vitu vinavyoiamrisha damu ishikane.

Mtu mwenye saratani ana hatari ya damu kuganda mara nne hadi saba kuliko mtu asiye na saratani. Hatari ni kubwa zaidi katika miezi ya kwanza baada ya ugonjwa kugunduliwa, wakati ambapo matibabu yanaanza na safari za hospitali ni nyingi. Saratani za kongosho, tumbo la chakula, ubongo, mapafu, figo na ovari ndizo zinazoleta hatari hii zaidi. Saratani ya matiti ina hatari ndogo kuliko hizo, lakini kwa kuwa inawapata wanawake wengi, waliopata bonge kwa ajili yake si wachache. Hata tamoksifeni, kidonge anachopewa mama mwenye saratani ya matiti kwa miaka mingi, huongeza hatari kidogo. Asikiache kwa woga, maana faida yake ni kubwa kuliko hatari. Ajue tu dalili.

Tusitishane bure. Wengi wa wagonjwa wa saratani hawapati bonge kamwe. Na wengi wanaopata bonge la mguu hawana saratani: wengine ni wazazi waliojifungua juzi, wengine wamevunjika mguu, wengine wamelala siku nyingi kwa ugonjwa mwingine. Lakini kama mtu mzima amevimba mguu mmoja bila sababu yoyote inayoonekana, na hospitali imesema ni damu iliyoganda, ni halali kumwuliza daktari: je, tumpime pia mlango wa kizazi, matiti na tumbo?

Dalili za mguu

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: mguu mmoja. Miguu yote miwili ikivimba sawasawa, mara nyingi sababu ni moyo, figo, au lishe mbaya, na hiyo pia inahitaji daktari. Lakini mguu mmoja ukiwa mnene kuliko mwenzake kwa mgonjwa wa saratani, fikiria bonge kwanza.

Angalia mambo haya:

Uvimbe wa kigimbi, au wa mguu mzima hadi pajani.

Maumivu ya kubana au uzito, mara nyingi nyuma ya mguu, yanayozidi anaposimama au kutembea.

Joto: weka nyuma ya mkono wako kwenye mguu huu, kisha kwenye ule mwingine. Mwenye bonge mara nyingi una joto zaidi.

Rangi na ngozi: vitabu vingi husema mguu unakuwa mwekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Tazama kama ngozi inang'aa, imevutika, au imekuwa nyeusi kuliko ya mguu mwingine. Tazama pia kama mishipa midogo ya juu imejitokeza.

Mkono nao unaweza kupata bonge, hasa upande uliowekwa mpira wa dawa. Mkono, bega au shingo vikivimba upande mmoja, ni dalili ileile.

Ukiwa na shaka, chukua utepe wa fundi wa nguo. Pima upana wa vidole vinne au vitano chini ya lile nundu la mfupa lililo chini ya goti, zungusha utepe kwenye kigimbi, andika namba. Pima mguu wa pili mahali palepale. Tofauti ikifika sentimita 3, hiyo ni alama kubwa ambayo madaktari wenyewe huitumia. Tofauti ikiwa ndogo lakini mguu unauma na una joto, bado mpeleke.

Dalili za mapafu

Hizi hazingoji asubuhi:

Pumzi kukata ghafla, hata kama mgonjwa ameketi.

Kuchomwa kifuani, hasa anapovuta pumzi.

Kukohoa, na mara nyingine kutoa damu.

Moyo kwenda mbio, jasho baridi, kizunguzungu, au kuzimia.

Kwetu dalili hizi huchukuliwa upesi kuwa malaria, nimonia au kifua kikuu, na kweli zinafanana. Kwa hiyo ukifika hospitalini usiseme tu "anakohoa." Sema: "Ana saratani, anatibiwa, na pumzi imekata ghafla." Kama mguu ulivimba siku zilizopita, sema hilo pia. Maneno hayo matatu yanaweza kubadilisha mawazo ya daktari wa zamu.

Tunayoyafanya kwa upendo, yanayoweza kuua

Hapa tuzungumze wazi, maana hakuna anayefanya mambo haya kwa nia mbaya.

La kwanza ni kukanda. Mguu ukivimba, mkono wa mama unakwenda wenyewe: maji ya moto, kitambaa, mafuta ya mawese yaliyopashwa, kisha kukanda kwa nguvu kutoka chini kwenda juu ili "damu ishuke." Kama ndani kuna bonge, kulikanda ni kulisukuma. Linaweza kukatika na kwenda kwenye mapafu. Mgonjwa wa saratani mwenye mguu mmoja uliovimba asikandwe mpaka daktari aseme. Kumpaka mafuta kwa wepesi ili ngozi isikauke hakuna neno. Kukanda ndiko kunakokatazwa.

La pili ni kuchanja chale na kufunga dawa za majani. Chale haifikii bonge lililo ndani kabisa. Inafungua mlango wa vidudu kwa mtu ambaye dawa za saratani zimekwisha kumpunguzia nguvu za mwili. Na akianza kupewa dawa za kuzuia damu kuganda, chale hizo zitatoka damu bila kukoma.

La tatu ni sindano za famasi. Mtu anakwenda kwa muuza dawa, anaeleza maumivu, anachomwa sindano ya dikilofenaki makalioni. Maumivu yanapungua siku moja, bonge linabaki palepale. Na kama mgonjwa tayari yuko kwenye dawa za kuzuia kuganda, sindano ya msuli inaweza kumletea damu nyingi ndani ya nyama.

La nne ni kutafuta mtu wa kulaumiwa. "Amekanyaga kitu alichotegewa." Maneno hayo yamevunja jamaa nyingi, na yamekula siku ambazo mgonjwa alizihitaji. Kila mmoja ana imani yake, na maombi yana nafasi yake. Lakini sala inaweza kusemwa juu ya piki njiani kwenda hospitalini. Siku moja katika ugonjwa huu ni ndefu.

La tano ni kumlaza. Tunamwonea huruma, tunamwambia "usiinuke, nitakuletea." Chakula kitandani, maji kitandani, siku nzima. Mgonjwa anapumzika, lakini damu ya miguuni nayo inapumzika, na damu iliyosimama huganda.

Hospitalini watafanya nini?

Kipimo chenyewe hakiumi. Ni ekografi, mashine ileile wanayotumia kumtazama mtoto tumboni. Daktari anaweka mashine kwenye paja na nyuma ya goti, kisha anaubonyeza mshipa. Mshipa mzima ukibonyezwa unajikunja, kama mfuko wa plastiki wenye maji. Mshipa wenye bonge haujikunji. Kwa mapafu kipimo kizuri ni skana, na hiyo haipatikani kila mahali. Daktari akiona dalili ni nzito anaweza kuanza dawa kabla ya kipimo, kwa sababu kungoja ni hatari zaidi.

Dawa ziko za namna tatu, na inafaa tuzijue kwa majina.

Ya kwanza ni sindano za heparini, na dada yake enoksaparini, zinazochomwa chini ya ngozi ya tumbo au paja. Heparini iligunduliwa mwaka 1916 huko Marekani. Mtu wa nyumbani anaweza kufundishwa kuichoma. Kwa ndugu zetu Waislamu: dawa hii hutengenezwa kutoka utumbo wa nguruwe. Mgonjwa asikae kimya na sindano bila kuchomwa. Amwambie daktari, kwani ziko dawa nyingine, na amwulize shehe juu ya hukumu ya dharura.

Ya pili ni vidonge vya warfarini. Historia yake inawahusu wafugaji. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Amerika ya Kaskazini waliokula majani yaliyooza walianza kufa kwa kutokwa damu. Wataalamu wakatafuta kilichomo katika majani yale, na miaka mingi baadaye ikatoka warfarini. Kwanza ilitumiwa kuua panya, kisha mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya watu, kwa vipimo vidogo. Ndiyo maana inahitaji kupimwa damu mara kwa mara: ikiwa kidogo haisaidii, ikizidi mgonjwa anatokwa damu. Huko Eldoret nchini Kenya, hospitali ya rufaa ya Moi ina kliniki ya kuwafuata wagonjwa wa dawa hii, inayoongozwa na wafamasia.

Na warfarini ina ugomvi na chungu chetu. Sombe, lengalenga na matembele zina vitamini K nyingi, na vitamini hiyo inapunguza nguvu ya dawa. Hii haina maana kwamba mgonjwa asile sombe. Maana yake ni kwamba ale kwa kiasi kilekile kila juma. Asikae juma zima bila mboga, kisha akala sahani tatu kwenye sherehe. Na akibadilisha chakula, amwambie daktari ili damu ipimwe.

Ya tatu ni vidonge vipya, kama rivaroksabani na apiksabani. Havina ugomvi na mboga, na havihitaji kupimwa damu kila mara. Tangu mwaka 2019 dawa za kundi hili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Bei yake bado ni mzigo. Uliza mapema hospitalini na kwenye famasi kubwa kabla ya fedha kumalizikia kwingine. Kwa wenye saratani za tumbo au za njia ya mkojo, au figo zilizochoka, daktari atachagua kwa uangalifu.

Dawa hizi hutumika angalau miezi mitatu hadi sita, na mara nyingi huendelea wakati wote saratani inapotibiwa. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mguu unarudi kuwa mdogo, maumivu yanakwisha, fedha zinapungua, dawa inaachwa. Bonge linarudi. Kama fedha zimekwisha, nenda ukamwambie daktari kabla ya kuacha, ili atafute dawa ya bei nafuu.

Mgonjwa aliye kwenye dawa hizi asinywe aspirini, ibuprofeni wala dikilofenaki bila ruhusa. Akiona damu kwenye mkojo, choo cheusi kama lami, kutapika damu, damu ya ukeni iliyozidi, au akianguka na kugonga kichwa, arudi hospitalini mara moja. Kwa mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi ambaye tayari anatokwa damu, daktari analazimika kupima uzito wa pande mbili: hatari ya bonge na hatari ya damu. Mweleze ukweli wote, hata ule wa aibu, ili apime vizuri.

Safari ndefu ya matibabu

Sisi wa Uvira tunajua kwamba matibabu ya saratani yako mbali. Mgonjwa anapanda gari kwenda Bukavu, zaidi ya kilomita 100 za barabara ya Kamanyola na milima ya Ngomo. Wengine wanaendelea hadi Kigali, ambako tiba ya mionzi ilianza katika hospitali ya Kanombe mwaka 2019, au hospitali ya Butaro iliyofungua kituo chake cha saratani mwaka 2012. Wengine wanafika Kampala. Gari limejaa, miguu imekunjwa, mizigo iko chini ya magoti, na mgonjwa hanywi maji kwa kuogopa kuomba gari lisimame. Kwa damu inayopenda kuganda, hayo ni mazingira mabaya kabisa.

Kabla ya safari, mwulize daktari kama mgonjwa anahitaji sindano ya kinga. Mtafutie kiti anachoweza kunyoosha miguu, hata kama ni lazima kuongeza bei. Zungumza na dereva kabla ya kuondoka: kila saa moja na nusu au mbili gari lisimame, mgonjwa ashuke, atembee hatua chache. Akiwa ameketi, achezeshe miguu: visigino chini na vidole juu, kisha vidole chini na visigino juu, mara ishirini, kila nusu saa. Kigimbi ni kama moyo wa pili. Kila kikibana kinasukuma damu kwenda juu. Avae nguo zisizobana kiunoni na magotini. Na anywe maji. Kumsimamisha dereva si aibu.

Kinga nyumbani

Nyumbani, mwinue mgonjwa mara kadhaa kwa siku. Atembee hadi mlangoni, hadi uani, hata akishikwa mkono. Asiyeweza kusimama achezeshe miguu kitandani, au umkunjie na kumnyoshea wewe kwa upole, kama miguu yake haijavimba. Usimwekee mto chini ya magoti kwa saa nyingi, kwani unabana mishipa ya nyuma.

Ahakikishe anakunywa. Dawa za saratani huleta kutapika na kuhara, na mji wetu unajua kipindupindu. Mwili ukikosa maji, damu inakuwa nzito. Maji safi yaliyochemshwa au kutiwa dawa, uji mwepesi, na akihara maji ya chumvi na sukari au ya pakiti: vyote hivyo ni kinga ya bonge pia.

Baada ya upasuaji, muuguzi akisema "inuka utembee" siku inayofuata, tusimwone kuwa mkatili. Anaokoa maisha. Na kwa waliopasuliwa saratani ya tumbo au ya nyonga, madaktari mara nyingi huendeleza sindano za kinga hadi wiki nne, hata baada ya kurudi nyumbani. Uliza.

Neno moja la uzazi wa mpango: vidonge vya mchanganyiko, vyenye homoni ya estrojeni, huongeza hatari ya kuganda. Mama aliyepata bonge au mwenye saratani ya matiti asivitumie. Aombe njia nyingine kwa muuguzi.

Maswali ya kuuliza hospitalini

Mtu anayemsindikiza mgonjwa ayaandike kwenye karatasi, maana mbele ya daktari tunasahau:

Je, saratani hii ina hatari kubwa ya damu kuganda?

Je, anahitaji dawa ya kinga wakati wa upasuaji, wa dawa kali, au wa safari?

Mguu ukivimba usiku, niende wapi, nimwone nani?

Dawa hii atainywa hadi lini, na itagharimu kiasi gani kwa mwezi?

Chakula gani na dawa gani za famasi tujiepushe nazo?

Kikundi kinaweza kufanya nini?

Tarehe 13 Oktoba, siku aliyozaliwa yule daktari Virchow, huadhimishwa duniani kuwa siku ya ugonjwa wa damu kuganda. Sisi hatuna haja ya kungoja Oktoba. Kila kikundi kinaweza kufanya mambo matatu katika mkutano ujao.

Kwanza, tujue wagonjwa wetu. Katika kila barabara yupo mama mwenye saratani, na pengine anajificha. Wawili wetu wamtembelee kila juma, na katika mazungumzo ya kawaida wamwombe awaonyeshe miguu yake yote miwili.

Pili, tutenge sehemu ya likirimba kwa jambo moja tu: piki au gari la usiku kwenda hospitalini, na kipimo cha ekografi. Fedha hizo hazitatibu saratani. Zinaweza kumaliza ule muda wa kungoja "hadi kesho tutafute fedha," na katika ugonjwa huu kesho ndiyo inayoua.

Tatu, tuwafundishe wanaume na vijana wa nyumbani. Mara nyingi ndio wenye neno la mwisho juu ya safari na fedha. Wakiona wenyewe tofauti ya miguu miwili kwa utepe, hawatahitaji kushawishiwa.

Kateni sehemu hii, muibandike ukutani karibu na kitanda cha mgonjwa:

MGUU MMOJA UMEVIMBA: USIKANDE. NENDA HOSPITALINI LEO.

PUMZI IMEKATA GHAFLA: NENDA SASA HIVI. SEMA: "ANA SARATANI."

Mama asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake, mpaka ayashike kwa moyo.